Walionipenda Walisema Hawanijui

Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na kitu, na nilipoifungua kwenye meza ya jikoni kwangu, Buffalo, mwezi wa pili mwaka 2015, nilidhani wamekosea wakanipa ya mtu anayegombea urais. Mimi nilikuwa naomba kazi ya kuangalia moto. Fundi anachomelea chuma, wewe unasimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto, unaangalia cheche zinaangukia wapi. Akimaliza akaenda zake, wewe unabaki palepale nusu saa nyingine kuhakikisha hakuna kinachofuka. Ukiona moshi unapiga kelele. Basi. Lakini fundi huyo angekuwa anachomelea ndani ya kituo cha umeme wa nyuklia, kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kutoka mtaani kwetu East Side, na kwa sababu hiyo walitaka kunijua.

Nilikuwa nimekaa Marekani miaka saba na hakuna mwajiri aliyewahi kutaka kunijua. Louisville, tulikofikia kutoka kambini Kigoma, nilipanga maboksi kwenye ghala, na walichotaka kwangu ni kitambulisho na mikono miwili. Columbus niliwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwalelea. Wakanipima kifua kikuu, wakatazama kama nimewahi kufungwa, na kesho yake nikaanza. Buffalo nilipata kiwanda kule Lackawanna, ambako msimamizi aliniita kwa jina la mashine yangu mwaka mzima, nami kwa kuchoka kubishana nikawa naitika. Sasa fomu hii iliuliza kila nyumba niliyoishi, kila kazi niliyofanya na kwa nini niliiacha, na zile wiki sita baada ya Columbus ambazo sikuwa na kazi, nilikuwa wapi, nikifanya nini, na nani anaweza kuthibitisha. Nilijibu kwamba nilikuwa kwenye kochi la rafiki yangu nikitazama dari. Nikaandika na jina la huyo rafiki.

Kabla ya fomu walikuwa wametuita kwenye ukumbi wa hoteli, watu kama arobaini: mafundi wa mabomba, wapaka rangi, wafunga majukwaa ya kupandia mafundi, na mimi. Kituo kingezimwa kwa wiki kadhaa katikati ya mwezi wa tatu ili kitengenezwe, na sisi tulikuwa wa kuongeza mikono. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa masharubu meupe aliyezeekea kwenye mitambo hiyo. Alituchorea ubaoni uzio, na uzio wa pili ndani ya ule wa kwanza, walinzi wenye bunduki, kamera, milango ya chuma, na ukuta wa zege mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Akasema mtu wa nje akija, vyote hivi vinamngoja. Kisha akachora kijitu kidogo katikati kabisa.

"Huyu ana kibali," akasema. "Geti linamfungukia. Mlinzi anamsalimia. Anajua kila swichi ilipo. Huyu tutamzuia kwa kitu gani?"

Akatuambia mwenyewe kwamba hakuna ukuta wa kumzuia mtu wa ndani. Kinachowezekana ni kumjua kabla hajaingia, kuendelea kumtazama akishaingia, na kumfundisha naye awatazame wenzake, ili yeyote anayeanza kubadilika, anayekunywa kupita kiasi, anayezungumza maneno ya kutisha, aonekane mapema na asemwe.

Nilishikwa na mshangao ambao sijui kama wale wafunga majukwaa waliupata. Wao walikuwa wanatazama saa. Mimi nilikuwa nawaza kwamba chuma chote kile, na bunduki zote zile, mwishoni vinategemea swali moja tu: mtu huyu ni mkweli? Na swali lenyewe walikuwa wanakuja kuniuliza mimi, yatima wa Kirundi niliyekulia kambini, ambako tulihesabiwa kila mara lakini hakuna aliyeuliza tabia zetu. Nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele. Nilikitaka kile kibali kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikukitaka kwa ajili ya mshahara tu.

Basi nikajaza. Nikatoa alama za vidole, nikatoa mkojo mtu akiwa nje ya mlango, nikapuliza kwenye kimashine cha pombe, mimi ambaye pombe naijua kwa kuinusa tu. Nikafanya mtihani wa maswali mamia ya kujibu kweli au si kweli. Swali moja liliuliza kama mara nyingi nahisi kuna watu wananichunguza. Nikaweka kweli. Ningewekaje vingine, na wao wenyewe walikuwa wananichunguza tangu Jumatatu?

Balaa lilianzia kwenye ukurasa wa watu wanaonifahamu. Walitaka watu wasio ndugu zangu. Mimi niliandika kama tunavyoitana: kaka wa Louisville, shangazi wa Louisville, dada wa kanisani Columbus, baba mdogo ambaye ni mzee wa kanisa. Mkaguzi aliyepewa fomu yangu akanipigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusubiri.

"Hawa wote ni familia yako," akasema.

"Hapana, hakuna hata mmoja."

"Hapa umeandika kaka."

"Ndiyo, ni kaka yangu. Lakini hatuna udugu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikamweleza kwamba kwetu humwiti mtu mzima kwa jina kavu kama unaita mbuzi, akasema sawa, ameelewa, atawapigia. Nilikata simu nikajipongeza. Kumbe hapo ndipo mambo yalipokuwa yanaanza.

Wiki moja baadaye alinipigia tena, na safari hii sauti ilikuwa imepoa. Alikuwa amewapigia watu wanne na kumtuma mtu agonge milango miwili Louisville. Wote walisema hawanijui. Mmoja alisema hajawahi hata kulisikia jina langu. Mwingine alisema yeye ni mgeni, amefika Marekani juzi, na mkaguzi alikuwa na karatasi mbele yake zinazoonyesha kwamba yule bwana alikuwa amepanga nyumba ileile miaka sita.

"Unaelewa jinsi hii inavyoonekana?" akaniuliza.

Nilielewa. Ilionekana kama mtu aliyejitungia maisha.

Nilimpigia yule mzee wa kanisa nikiwa na hasira. Ni Mkongo wa Uvira, mtu aliyenibatiza Louisville na kunipeleka hospitali kwa gari lake nilipovunjika mkono. Alipokea kwa furaha, kwa Kiswahili cha kwao ambacho watu ni batu na Kifaransa kinachungulia.

"Ah, mwanangu! Donc, bale batu balinipigia. Balikuwa banakutafuta."

"Ukawaambia nini, Baba?"

"Nikabaambia sikujue kabisa. Balirudilia kuuliza mara tatu, mi nikakatala mara tatu. Usiogope, nilikukinga."

Alikuwa anasubiri nimshukuru. Na mimi, baada ya kutaka kumpasulia simu masikioni, nikajikuta namshukuru, kwa sababu nilijua kabisa alichokuwa amenifanyia. Kambini hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la mtoto. Mtu usiyemjua akikuuliza habari za mtu, jibu ni moja: simjui. Hata kama anayeuliziwa amekaa nyuma yako anakula. Waliokuja kuuliza walikuwa wengi, wa serikali, wa waasi, wa visasi vya ng'ambo ya ziwa, na wote walikuwa na nguo safi na sauti ya upole. Kumjua mtu ilikuwa siri, na ulipompenda mtu ulimficha kwa neno hilo moja. Watu wanne katika miji miwili ya Marekani walikuwa wameniambia wananipenda, kwa njia pekee waliyoijua, na kibali changu kilikuwa kinaota mbawa.

Nilimweleza mkaguzi yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maelezo yangu ameyaandika, lakini maelezo yangu kuhusu mimi hayawezi kunithibitisha mimi. Alihitaji mtu mmoja, angalau mmoja, aliyenijua muda mrefu na aliye tayari kusema. Alinipa siku kumi. Na kwa sababu ya hayo, na kwa sababu ya jibu langu kwenye lile swali la kuchunguzwa, ilinibidi nimwone mwanasaikolojia.

Alikuwa mwanamume mnene aliyevaa sweta lenye matundu kwenye viwiko, na hilo lilinituliza. Aliniuliza mambo ya kawaida, usingizi, hasira, kanisa. Nikamwambia hasira ninayo, hana haja ya kuitafuta. Akacheka. Kisha akaniuliza nani alinifundisha kusema simjui, nami nikafungua mdomo nimjibu kwa kifupi, na badala yake nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Mama yangu mzazi alifariki kambini nikiwa na miaka sita. Jirani yetu, Mkongo aliyekuwa ameingia kambini na mumewe na binti yao, alinichukua siku ileile. Hakuuliza mtu wala hakuombwa. Alikuja na kitenge, akanifunga mgongoni japo nilikuwa mkubwa wa kutembea, akanipeleka kwake. Huyo ndiye Mama. Mumewe alikuwa Baba, mtu mrefu aliyechonga vijiko vya mbao na kuniruhusu nivisugue kwa msasa. Nilikuwa na miaka minane siku wanaume wawili walipokuja kwenye bomba la maji tukiwa foleni. Mmoja alichuchumaa mbele yangu akataja jina la Baba. Akauliza kama namjua.

Nilifurahi mno kuulizwa. Nilisema ndiyo, namjua, ni baba yangu. Nikawaonyesha nyumba kwa kidole.

Walimchukua jioni hiyo kwa maneno mazuri, kwamba kuna mambo ya kuzungumza. Hakurudi. Mama alimtafuta miezi mingi, kwenye ofisi zote za kambi, mpaka wakamwandika kwenye karatasi kama mwanamke asiye na mume. Ni baada ya hapo ndipo alipotukalisha chini, mimi na binti yake, akatufundisha simjui kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa jambo lolote lingine. Nilijifunza. Lakini mimi nilijifunza nimechelewa.

Mwanasaikolojia aliacha kuandika. "Anajua kwamba ni wewe?"

"Hajui."

"Mna miaka mingapi pamoja tangu hapo?"

"Kumi na saba."

Nikamuuliza kama sasa nimekosa kazi. Akasema jambo alilolifanya mtoto wa miaka minane haliwezi kumnyima mtu kibali, kinachowanyima watu kibali ni kuficha. Alisema kwa upole, lakini neno hilo la mwisho nililibeba mpaka nyumbani na nikashindwa kula.

Mkaguzi alipouliza ni nani amenijua muda mrefu kuliko wote, nilijua jibu na nililiogopa. Kwenye faili letu la ukimbizi Mama si mama yangu. Pameandikwa kwamba hatuna uhusiano wa damu, kwamba alinilea tu. Maandishi hayo yalikuwa yameniuma tangu siku niliyoweza kuyasoma, na sasa ndiyo yaliyomfanya afae. Angeweza kunishuhudia. Ilibidi tu nimwombe avunje amri yake mwenyewe, na ili nimwombe hivyo ilibidi niikaribie siku ya bomba, ambayo mimi na yeye tulikuwa tumeizunguka miaka yote kama watu wanaokwepa shimo kwenye njia ya nyumbani.

Jumapili baada ya ibada nikaendesha gari kutoka Buffalo mpaka Westerville, kaskazini mwa Columbus, ambako Mama alikuwa anaishi kwa binti yake, dada niliyekua naye, na kuwalea wajukuu. Nilimkuta jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao. Wajukuu walikuwa wametapakaa sebuleni. Aliwauliza kwa Kiswahili kama wamenisalimia, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba tayari, na walikuwa hawajanisalimia. Nilikula kwanza. Mama hamruhusu mtu azungumze jambo zito akiwa na njaa. Halafu nikamweleza kila kitu: kituo, kibali, watu wanne waliokataa kunijua. Hapo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Bon. Balifanya vizuri," akasema.

"Mama, nahitaji mtu mmoja aseme ananijua. Nahitaji wewe."

Kicheko kikakatika. Akarudi kwenye sufuria, akakoroga, akapunguza moto.

"Mi sijibiake maswali ya batu," akasema bila kugeuka. "Unajua. Ile siku balipata jibu, na bwana yangu akaenda. Niliapa. Mutu akiuliza, mi sijue."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, na sikusema. Nilichukua sahani nikaziosha, nikaosha na zilizokuwa safi. Nilijichukia. Nilikuwa naomba kuaminiwa na kituo kizima cha nyuklia, na nilishindwa kusema sentensi moja kwa mwanamke aliyenibeba mgongoni.

Asubuhi ya Jumatatu, wajukuu walipokwishapanda basi la shule na dada amekwenda kazini, Mama aliniita mezani. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa na tangawizi. Akaniuliza kazi yenyewe ni kufanya nini hasa, kwa sababu jana hakuelewa. Nikamwambia ya fundi, ya cheche, ya nusu saa ya kubaki.

"Donc unakaa tu?"

"Nakaa natazama."

"Na ukiona moshi?"

"Naita. Napiga kelele mpaka watu wasikie."

"Hata kama fundi ni mukubwa yako? Hata kama atakasirika?"

"Hata kama, Mama. Ndiyo kazi. Kazi yote ni kuita."

Nikamweleza tena maneno ya yule mzee wa masharubu meupe, kwamba wanayemwogopa zaidi ni mtu wa ndani, na yule anayeona kitu akanyamaza. Alimalizia chai yake. Kisha akasema, "Leta hiyo simu."

Mkaguzi alipokea, akaunganisha mkalimani. Alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili cha pwani, kilichonyooka kama taarifa ya habari, na Mama akakunja uso, akaninong'oneza kwamba huyu anaongea Kiswahili ya kitabu. Mkaguzi akaniambia kupitia spika kwamba shahidi lazima awe peke yake. Nivae koti, nitoke nje ya nyumba, nisisimame dirishani. Nikavaa, nikatoka, nikaingia kwenye gari langu na kuwasha kipasha joto.

Niseme sasa hivi, lisije likawatia wasiwasi, kwamba kibali nilikipata. Kilitoka kabla ya siku kumi kwisha, na katikati ya mwezi wa tatu nikapita kwenye zile nyuzio mbili kwa miguu yangu mwenyewe. Geti la kwanza lilinusa nguo zangu kutafuta baruti. La pili liliupima mkono wangu, urefu wa vidole na upana wa kiganja, likanikubali. Nilipoingia kwenye jengo lenyewe nilisimama nikasahau kutembea. Sijawahi kuingia mahali pakubwa namna ile palipojengwa na watu. Nilichungulia bwawa ambamo fuel, ile mirija ya urani iliyokwisha kutumika, imelazwa chini ya maji, na maji yenyewe yalikuwa ya buluu safi, yametulia, hayana hata kiwimbi, na fundi mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale miaka ishirini alikuwa amesimama karibu yangu akiyatazama vilevile, amevua miwani. Nililia kidogo. Kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa kuripoti mwenzetu akibadilika, mtu akaenda akaripoti kwamba nalia, na msimamizi akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, ni uzuri tu.

Nilifanya kazi kwenye vituo vinne baada ya hapo, na kila mara nikaulizwa upya, na kila mara nikajibu. Lakini kilichonishangaza kuliko jengo lolote kilitokea kwenye lile gari, mbele ya nyumba ya dada, Westerville.

Nilikaa dakika arobaini. Theluji ilikuwa nyepesi na kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunikwa. Nilikuwa nimekwishajiambia kwamba akitoka nitamwambia, potelea mbali kibali, nitamwambia kabla hajafungua mdomo. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama alitoka na kitenge juu ya koti na ndara miguuni, kwenye theluji, akija kwa hatua ndogondogo huku ameshikilia ukuta. Niliruka kutoka nimshike, akaninyooshea mkono nikae. Akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango, akapangusa miguu yake kwa kitenge.

"Mama," nikaanza, "kuna kitu—"

"Ngoja. Mi ndiye niliitwa shahidi." Akashusha pumzi. "Ameuliza kama nakujua. Nikasema namujua. Ameuliza toka lini. Nikasema toka iko na miaka sita. Ameuliza kama unakunywaka, kama unapiganaka, kama uko na deni. Nikasema hapana, hapana, hapana, lakini iko na kisirani."

Nilicheka bila kutaka.

"Halafu ameuliza kama unasemaka kweli. Nikasema huyu, uongo haiweze. Akasema, Mama, unajua namna gani?" Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo kilichojaa theluji. "Nikamwambia ya ku robine."

Kwao bomba ni robine.

"Nikamwambia, bale batu balimuuliza kama anajua Baba yake, na akabaonyesha nyumba. Hakujua kudanganya. Alikuwa anajivunia baba yake. Kama angekuwa mutu wa uongo, ule Mungu angemupa uongo siku ile. Ule wa Kiswahili ya kitabu akashindwa kutafsiri. Nikamwambia tafsiri."

"Ulijua," nikasema. "Mama, ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna mutu aliniambia." Akanigeukia. Ana macho madogo, mekundu kwenye kona, na sikuwahi kuyaona yakiniogopa mpaka asubuhi ile. "Mi nilikuwa ku mustari, batu bane nyuma yako, na ndoo ku kichwa. Nilibaona toka baliingia. Nilijua ni bale ba kuchukuaka batu. Nilisikia bameita jina yake, nilikuona unafungua kinywa. Ningeita jina yako tu. Ungegeuka, ungekuya kwangu, ingeisha." Akaushika mkono wangu, ule niliowaonyeshea nyumba. "Wewe ulikuwa mutoto wa miaka munane. Mi nilikuwa mama yako, na sikuita."